Kibao cha Baba Katika Nyumba ya Mifupa

Baba yangu alikuwa Mgiriki wa kuuza makayabu, samaki wa chumvi. Nalisema mapema ili tusisumbuane, kwa maana kila nikianza kusimulia habari za kijiji chake, watu wa Kolwezi hunikatiza na kuniuliza habari za Wazungu nimezijulia wapi. Nilizijulia dukani, nimekaa juu ya gunia la chumvi, huku yeye akikata samaki wakavu kwa panga na kusimulia. Watoto wa mtaa waliniita Mzungu ya makayabu. Harufu yenyewe ilinifuata mpaka darasani, kwa hiyo sikuwa na la kukana.

Kijiji hicho kilikuwa kidogo hata baba akaona haya kukiita kijiji mbele ya mama. Alisema tu "kwetu kule". Kilikuwa juu ya mlima wa mawe, mbali na bahari, na wakazi wake wote walikuwa koo mbili tatu za wachunga mbuzi waliokimbilia huko zamani sana wakikwepa kodi ya mfalme wa kigeni. Walikuta chemchemi, wakajenga nyumba za mawe, wakajenga na kanisa ambalo baba alisema watu wote walienea humo mradi asikohoe mtu. Ngano waliipanda kwenye vipande vya udongo vilivyozuiwa kwa kuta, na mvua kubwa ikipita, wanawake walishuka bondeni na vikapu kuurudisha udongo juu. Hapo nilikuwa nikicheka kila mara. Sisi kwetu udongo ni kitu cha kufuta miguuni.

Kisha ikaja vita ya Wazungu, na askari wa kigeni wakapanda mlima wakachoma nyumba. Moshi haujaisha, ikaja vita nyingine ya wenyewe kwa wenyewe, na hiyo baba aliipitia haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anakodaiwa. Alisema tu kwamba palikuwa na nyumba mbili zilizotazamana, na wenyewe wakaziba madirisha kwa mawe wasionane, na moja ilikuwa ya kwao. Baada ya hapo vijana wakaanza kushuka. Mmoja Amerika, mwingine Australia, mwingine Kongo. Huyo wa Kongo alikuwa mjomba wake baba, aliyefungua duka la samaki wa chumvi kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya shaba na kumwita baba aje kumsaidia.

Mimi historia hiyo ilikuwa ikiniudhi. Nilimwuliza siku moja, hawa watu wenu kazi yao ilikuwa kukimbia tu?

"Habakukimbia, mwana," alisema. "Balienda kutafuta mukate. Na bote banarudiaka, hata kama ni mifupa."

Hakuwa akitania. Kule kwao, udongo ulivyokuwa haba, hata wafu waliupanga. Mtu alizikwa karibu na kanisa, akaachwa miaka kadhaa mpaka nyama iishe, kisha wanawake wa ukoo wakamfukua, wakaiosha mifupa yake kwa divai, moja moja, wakiimba na kulia, wakaitia kwenye sanduku dogo la mbao. Sanduku liliwekwa kwenye kibao ndani ya chumba kilichoegemea kanisa, walichokiita nyumba ya mifupa. Shimo lilibaki kumngoja mwingine. Kila ukoo ulikuwa na kibao chake, na baba alijua nafasi yake ni ipi, baina ya babu yake na ukuta.

Mama alikuwa akisonga bukari, ugali wa kwetu, siku aliyoisikia habari hiyo mara ya kwanza, nami nilikuwapo. Aliweka mwiko chini.

"Kwenu mulikosaka udongo mpaka munafukula bantu?"

"Udongo ni kidogo," baba akasema. "Muntu analala, kisha anaachia mwenzake nafasi."

"Huku udongo ni mingi. Utalala palepale tutakuweka. Mufu habamufukulaka. Mwenye kufukula mufu ni mulozi."

Walicheka wote wawili, lakini nilimwona mama akisahau kuinua mwiko, na bukari ikaungua chini.

Nilikuwa bado binti mdogo serikali ilipoamua kwamba maduka ya wageni yapewe wananchi. Wagiriki wa Kolwezi waliondoka karibu wote. Aliondoka hata binamu yake baba, aliyekuwa akioka mikate nyuma ya duka letu, ambaye mimi nilimwita tata mudogo, yaani baba mdogo. Baba alibaki. Yeye alisema ni kwa ajili ya mama, mama alisema ni uvivu. Tukahamia kijijini kwa mama, upande wa barabara ya Mutshatsha, baba akalima mahindi vibaya sana na kuzungusha makayabu kwa baiskeli, wakamwita tata Mugiriki. Alikuwa na furaha kiasi chake. Jioni alikaa mlangoni akitazama tambarare ile yote na kulalamika kwamba haina mlima wa kuegemeza macho.

Alipougua mara ya mwisho aliniita mimi na mama pamoja, akatuomba kitu kimoja. Tumzike hapo, tumwache amalize nyama, kisha tumwoshe na kumrudisha kwao. Mama alimshika mkono, hakusema ndiyo wala hapana. Alipokufa tu, hata matanga hayajaisha, akamtafuta fundi. Ndugu zake walibeba mchanga kutoka kijitoni, fundi akasuka nondo, wakamwaga juu ya kaburi saruji nene ambayo lori lingeweza kuegeshwa juu yake.

Nilimkasirikia mama muda mrefu. Nilimwambia amemfunga baba jela. Sasa ninamwelewa zaidi kidogo. Kijijini watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mifupa ya mtu, ya Mzungu hasa, huvuta madini, na kwamba wanaotajirika ghafla wanajua walichofukia chini ya vitanda vyao. Mama alimpenda baba. Aliogopa mtu asije akamchokoa. Kwake yeye kumlinda mtu ni kumfunika vizuri.

Basi wakaja wachimbaji. Vijana kutoka Kasai, kutoka Kivu, wengine waliofukuzwa kwenye migodi ya Fungurume, na koleo zao na taa za kichwani. Kijiji cha mama kilikuwa kimelala juu ya jiwe la kijani na jiwe jeusi, shaba na kobalti, na sisi tulikuwa tumepanda mihogo juu yake siku zote kama wajinga. Watu walianza kuchimba ndani ya vyumba vyao wenyewe. Ulikwenda kumsalimu jirani, ukamkuta ameketi pembeni ya shimo pale palipokuwa na meza, na kamba inashuka gizani, na sauti za watu zinapanda kutoka chini. Visima vikakauka. Kuta zikapasuka. Mjomba wangu mmoja aliamka akakuta jiko limezama.

Baada ya wachimbaji ikaja kampuni, ikiwa na ramani na kofia ngumu, ikasema kijiji chote ni chake, kuanzia majani mpaka chini. Wachimbaji walifukuzwa na askari. Sisi tulifukuzwa kwa heshima, na mikutano, na soda. Walituonyesha nyumba mpya za matofali juu ya kilima chenye changarawe, zimepangwa mistari, hazina kivuli, hazina shamba. Mama alipewa ya pembeni kabisa. Aliingia, akagusa ukuta, akauliza jiko liko wapi, wakamwonyesha kona. Tangu siku ile hajapika kitu kwa mkono wake. Huniambia bukari ya kule haina ladha, nami najua kinachokosekana si unga.

Makaburi nayo yalitakiwa kuhama. Walitangaza kwamba kila mfu atafukuliwa kwa adabu, atiwe katika sanduku, azikwe upya nyuma ya zile nyumba mpya. Wanawake walilia hadharani, na mama alilia kuliko wote. Mimi sikulia. Ninaona aibu kidogo kulisema, lakini nilifurahi. Nilijiambia, kama wanamfukua kwa nguvu, basi asiende nyuma ya nyumba zile za changarawe. Aende kwao.

Nilimpigia tata mudogo. Tulikuwa tumeandikiana miaka yote, na simu za kuonana uso kwa uso zilipokuja ndipo nikaona amekuwa mzee mwenye masikio makubwa. Anaishi mjini kwa watoto wake, karibu na bahari, na Kiswahili chake ni kile cha Kolwezi ya ujana wake, hakina neno hata moja la siku hizi. Kule hana wa kuzungumza naye, akaniambia huzungumza na mbwa. Nilipomweleza akaanza kusema haraka haraka, Kiswahili na Kigiriki pamoja, mpaka nikamwambia tata, polepole.

"Mwana, kibao ya tata yako iko pale," alisema. "Mi naipanguzaka kila mwaka. Nafasi yake iko wazi."

Kijiji kilikuwa kimebaki yeye tu na ufunguo. Mtu wa mwisho kulala huko mlimani msimu wa baridi alikuwa bibi mmoja mwenye kuku, naye alikufa. Shule imekuwa zizi, kisha hata mbuzi wakaondoka. Paa la kanisa lilishuka upande mmoja. Nyumba ya mifupa ndiyo iliyosimama bado, kwa sababu tata mudogo hupanda huko kila kiangazi na mwanawe, wakaziba nyufa, wakafungua mlango upepo upite. Alikuwa akiwangoja walioshuka. Wa Australia walishazikwa hukohuko na wajukuu wasiojua hata jina la mlima. Wa Amerika vilevile. Mwanawe alisema yuko tayari kupanga usafiri wa sanduku kutoka Lubumbashi, maadamu mimi nilifikishe pale.

Mama ndiye aliyebaki kukubali. Nilikwenda nikamkalia nyumbani kwake siku nzima. Mwanzoni hakutaka hata kuligusa jambo lenyewe. Nikamwambia mama, wanamfukua, utake usitake. Nikamwambia alituomba mbele yako. Akageukia ukutani. Nilipokuwa nimekwisha kuvaa viatu niondoke, akasema, "Kama banamutosha mu udongo, bamunawishe vile alitaka. Lakini mi shitaona."

Nilinunua divai. Pale sokoni Kolwezi divai inauzwa karibu na mafuta ya gari, na mama muuzaji aliniuliza kama ni ya harusi. Nikasema ndiyo, ni ya harusi, nisianze maelezo. Nikaifunga ndani ya kitenge pamoja na taulo mpya.

Siku hiyo walikuja na watu waliovaa mavazi meupe, na mchungaji, na mashine ya kupasulia. Makaburi ya wengine yalifunguka bila shida. Udongo ulikuwa mwepesi, mifupa ikatoka, ikafunikwa shuka, watu wakaimba. Wakafika kwa baba. Saruji ya mama iliwatesa tangu asubuhi mpaka jua likasimama kichwani. Mkuu wa kikosi, mtu mpole wa Likasi, alikuwa akifuta jasho na kuniambia, "Mama, huyu mulimuzika ao mulimujengea benki?" Nilicheka. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo, nimeipakata ile chupa, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Mwishowe walilivunja bamba vipande viwili, wakalinyanyua kwa mnyororo.

Chini yake hapakuwa na kitu. Sisemi mifupa michache, au sanduku lililooza. Palikuwa na shimo jeusi, na hewa ya baridi ikapanda kutoka humo ikanigusa miguu. Waliteremsha taa. Tukaona magogo ya kuegemeza udongo, ndala moja, mfuko wa plastiki wa mkate, na njia inayoingia upande wa pili ikifuata mshipa wa jiwe la kijani. Ukuta mmoja ulikuwa umeporomoka. Wachimbaji walikuwa wamepita chini kwa chini kutoka kwenye nyumba za watu, wakaingia makaburini, wakapita mgongoni mwa baba.

Mkuu wa kikosi alivua kofia yake. "Mama," akasema, "humu hamuna muntu."

Nilitukana. Niliitukana kampuni, nikawatukana wachimbaji, nikamtukana na Mungu mbele ya mchungaji. Yule mtu wa Likasi aliniambia wanaweza kujaza udongo wa shimoni kwenye sanduku, nisiondoke mikono mitupu. Nikamwuliza, udongo wa nani? Umepitiwa na kijiji kizima cha watu wa Kasai, mtu gani atanionyesha ulipo wa baba? Basi wakafunga sanduku tupu, wakalizika nyuma ya nyumba za changarawe na kusimika msalaba wenye jina lake, maana kila kaburi lililofunguliwa huku lilipaswa kuwa na mwenzake kule. Divai niliimwaga palepale, juu ya vipande vya saruji, kwa hasira tu.

Sikutulia. Niliuliza watu mpaka nikaelekezwa kwa kijana aliyewahi kuchimba mstari ule, ambaye sasa anaendesha pikipiki ya abiria mjini. Nilimkuta kituoni akipangusa kiti. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumchana kwa maneno. Nilipomweleza aliniachia kile kiti nikae, yeye akachuchumaa.

"Tulimukuta, mama," alisema. "Mi njo nilikuwa mbele. Alikuwa na musalaba mu shingo. Habakuutosha, mi nilikataza. Mi ni muntu ya kanisa."

Nikamwuliza walimfanyaje.

"Tuliogopa sana. Tukamumwangia lutuku, pombe yetu yote, ju asikasirike. Mifupa yote, moja moja. Bengine balikuwa nalia. Kisha tukamupandisha mu mufuko ya safi, tukamuweka pembeni ya shimo, tumuzike vizuri Siku ya Mungu. Kesho yake basoda na bunduki bakakuya kutufukuza. Buldoza ikasukuma yote mu shimo kubwa, mufuko, hema, nguo zetu, yote."

Nikamwuliza shimo kubwa lipi. Akanyoosha mkono upande wa mgodi wa kampuni, kule ambako malori huzunguka kushuka mpaka yakawa madogo kama siafu, nami nikaona ameniambia ukweli wote alio nao. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Aliniomba msamaha kwa mikono miwili, kisha abiria akaja, akawasha pikipiki.

Nilimweleza mama vile vile, bila kupunguza. Nilidhani atasema ni bulozi, au atasema nilikwambia. Alikuwa ameketi mlangoni kwake juu ya kiti cha plastiki, uso umeelekea changarawe.

"Mi nilifunga ya juu," akasema. "Ya chini shikuwaza."

Nikamwambia mama, hakuna mtu angewaza. Tangu hapo amekuwa akilirudia neno hilo peke yake, akifua, akila, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbuka alikoacha funguo. Nimeacha kumjibu kwa sababu haniambii mimi.

Nilichelewesha simu ya tata mudogo kadiri nilivyoweza, ikawa yeye ndiye aliyenipigia. Alikuwa amepanda mlimani na mwanawe kuandaa mapokezi. Alinionyesha kwa simu. Niliona mawe, majani marefu, kanisa limeinama upande mmoja, mlango mdogo uliopakwa rangi upya ya buluu. Akaingia. Ndani palikuwa safi, visanduku vimepangwa, vingine vimeandikwa kwa mkono, na kando ya ukuta pana nafasi ambayo ameitandikia kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Kile kitambaa kilinimaliza. Nikamwambia tata, kaa chini kwanza.

Alikaa juu ya kizingiti. Nilimsimulia yote, na simu ikaanguka magotini mwake, nikawa namwona kidevu tu na mbingu nyuma yake.

"Habakuacha hata kidole?"

"Hapana, tata."

Nikasikia upepo wa kule, na mwanawe akimwuliza kitu kwa Kigiriki. Nikasema, basi tata, nafasi ile utalala wewe. Nilidhani ninamliwaza.

"Mi?" akasema. "Banangu banakwisha kunilipia kaburi mu muji, ya saruji. Kupanda huku ni mbali, nani atanileta? Beko na kazi." Kisha akaiinua simu, akaniweka machoni. "Niambie, mwana. Kule Kolwezi kuko mwengine wa kwetu? Mu udongo, ao muzima?"

Nilifikiri kwa bidii. Mjomba wa baba alirudi akafia Athene. Wale wengine wa maduka walikuwa wa visiwa, si wa mlima ule. Nikamwambia hapana, tata, alikuwa baba tu.

"Basi," akasema.

Alisimama, akatoa kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni. Nikasikia ufunguo ukizunguka. Akamwambia mwanawe kitu kifupi, kisha akakumbuka mimi bado nipo, akanitafsiria.

"Namwambia tusirudie tena mwaka ujao."